Herufi za Pwani Zilivyofika Nyakahanga

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kupaka herufi kwenye magunia ya kahawa. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, vita ya Kagera imekwisha, na katika ghala la ushirika walikuwa wanatafuta mtu ambaye mkono wake hautetemeki. Nikapewa bati lililokatwa herufi, kopo la rangi nyeusi, na kitambaa kilichofungwa kwenye kijiti. Unalaza bati juu ya gunia, unagonga-gonga kwa kitambaa, unainua bati, na gunia limeshajua linakotoka. Niliifanya kazi hiyo kwa miaka, mpaka nikawa naona kila kitu kwa herufi za bati, zile zenye vikato katikati, maana usipoacha vikato tumbo la O linadondoka.

Nasema haya ili ieleweke kwamba mimi nilikuwa mtu wa herufi zilizonyooka. Nilipoacha ghala na watu wakaanza kuniita niwaandikie vibao, niliandika hivyo hivyo. DUKA. HOTELI. FUNDI CHEREHANI. MBWA MKALI. Herufi zangu zilisimama kama watoto wa shule mstarini siku mwalimu mkuu akikagua kucha, na hakuna mteja aliyewahi kulalamika. Msichana mwenye ngazi na kopo la rangi alikuwa kichekesho cha kutosha, hawakuhitaji na herufi nazo zifanye vituko.

Vituko vilianzia Nyakahanga, kwenye duka kubwa la pale barabarani. Mwenye duka alikuwa mzee wa Kiislamu, mpole, mwenye kofia nyeupe iliyodariziwa kwa mkono, na watu wote walimwita mtu wa pwani. Aliyetoka pwani hasa ni baba yake, aliyekuja kutoka upande wa Pangani na biashara ya nguo na chumvi zamani sana. Mzee mwenyewe alizaliwa hapa hapa. Alikula ndizi na maharage kama sisi, na Kinyambo chake kilikuwa safi kuliko changu, kwani nyumbani kwetu tulizungumza Kinyarwanda. Lakini kwa watu alikuwa mtu wa pwani, na kila aliyekuja kununua sabuni alimuuliza habari za bahari. Ziwa la Bukoba wengi waliliona au waliwahi kusimuliwa. Bahari ilikuwa jambo jingine.

"Mzee, ni kweli maji yake yana chumvi?"

"Yana chumvi."

"Sasa mnapikia?"

"Hatupikii."

"Kwa nini, na chumvi imeshaingia?"

Mzee alifikiri, akapima sukari, kisha akajibu kwamba ile chumvi ni ya samaki. Mteja akatikisa kichwa, akaondoka ameridhika.

Ilikuwa miaka ile mitumba ilipoanza kuingia tena kwa wingi. Siku moja akaniita dukani. Nikamkuta amefungua robota la nguo, na juu ya kaunta ametandaza taulo refu kuliko mtu, la rangi ya machungwa, kahawia na njano.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Njoo uone kitu."

Kwenye taulo kulikuwa na jua lililozama nusu, mnazi ulioinama, mtu aliyejilaza kwenye kiti cha turubai mguu mmoja juu, na chini yake maneno ya lugha ambayo mimi na yeye hatukuijua. Lakini herufi zake! Zilikuwa nyembamba juu na pana chini, kama zimevaa suruali za bugaluu. Zote ziliinamia upande mmoja kana kwamba upepo unazisukuma, mikia yake ikijikunja, na ndani ya kila herufi mistari ya rangi ilipanda na kushuka. Kwetu bugaluu zilikuwa zimekwisha kupitwa na wakati. Waliobaki nazo walizivaa shambani. Hata mimi niliona kwamba hizi ni herufi za zamani kidogo, za vijana ambao sasa huko kwao lazima walikuwa wazee.

"Hizi," Mzee akasema, akizipapasa kwa kiganja, "ni herufi za pwani. Nataka ukuta wangu wote uandikwe hivi. DUKA LA PWANI."

Nikamwambia ukweli: sijawahi kuandika herufi inayolala. Akaniambia herufi hazilali, zinaburudika.

Nililichukua taulo nyumbani kufanya mazoezi. Mama alikuwa uani anamenya ndizi. Alilitazama kwa muda mrefu, kisu mkononi.

"Hizi herufi zimelewa lubisi," akasema.

"Ni za pwani, mama."

"Na huu mgomba umekonda hivi una ugonjwa gani?"

"Si mgomba. Ni mnazi."

"Basi ni mgomba wa watu wasio na mbolea." Akarudi kwenye ndizi zake.

Shida yangu haikuwa mnazi. Maneno ya kwenye taulo yalikuwa machache, na herufi nyingi nilizozihitaji hazikuwemo. W niliipata kwa kugeuza M miguu juu. P niliifanyia upasuaji kutoka kwenye R. Lakini K haikuwepo kabisa, na hakukuwa na herufi hata moja inayofanana nayo. Jaribu kuandika Kiswahili bila K. Jaribu kuishi Karagwe bila K, wilaya yenye Kayanga na Kihanga, mkoa wa Kagera. Nilikaa na mkaa na kipande cha boksi tangu asubuhi, nikachora K za kila namna, na kila moja ilitoka imesimama wima kama gunia la ushirika. Mwishoni nikamtazama yule mtu wa kwenye taulo, aliyejilaza kwenye kiti, mgongo umeegemea, mguu mmoja juu na mmoja chini. Nikamwondoa kichwa na kiti. Alikuwa K.

Nilicheka peke yangu mpaka mama akaja kuniangalia.

Ukuta ulinichukua siku kadhaa. Rangi za kiwandani zilikuwa adimu, nikachanganya kopo la machungwa alilolipata Mzee na udongo mwekundu uliochekechwa, na njano nikaikopesha kidogo kila mahali. Nikaweka jua na mnazi wa kwenye taulo, na chini ya maneno nilitakiwa kuchora mawimbi ya buluu. Nikiwa juu ya ngazi nikamuuliza Mzee, aliyekuwa amesimama chini akinisimamia:

"Mzee, wimbi likijikunja, linajikunjia upande gani? La kuja au la kwenda?"

Akatazama huku na huku barabarani, akakaribia ngazi, akasema kwa sauti ya chini:

"Binti, mimi sijawahi kuiona."

"Nini?"

"Bahari."

Nikashuka ngazi. Alikuwa ametazama viatu vyake. Akaniambia baba yake alimsimulia tangu utotoni, jioni baada ya jioni, hata akawa anaijua kama uani kwake. Watu walipoanza kumuuliza, alijibu kwa maneno ya baba. Baba alipokufa, yalipokosekana maneno ya baba, akaanza kujaza ya kwake.

"Ile ya chumvi ya samaki?" nikauliza.

"Ile ni yangu," akasema. "Ila naona kama ina ukweli."

Sikujua nimpe pole au nicheke, kwa hiyo nikapanda ngazi. Nikachora mawimbi yakijikunja pande zote mbili, ili lolote litakalokuwa, tuwe tumepatia.

Ukuta ulipokamilika, watu walisimama barabarani kana kwamba kumetokea ajali. Wengine walikuja na baiskeli kutoka mbali ili wauone tu, na wakishafika waliona aibu kuondoka bila kununua, basi wakanunua kibiriti. Bibi mmoja alinishika mkono akaniambia kwa huruma kwamba ile herufi ya tatu imeanguka, na kwamba kama ina homa ni vizuri ikapumzishwa. Kijana mmoja wa sekondari alisema ni mtindo. Kuanzia siku hiyo bibi akawaambia wenzake kwamba ile K inaumwa mtindo.

Wiki haikupita, nikaitwa Kihanga na fundi seremala. Alikuwa mtu mzito wa maneno, mwenye vumbi la mbao hata kwenye nyusi.

"Nataka herufi zile za Nyakahanga," akasema.

"Tuandike nini, fundi?"

"MAJENEZA."

Nikadhani anatania. Nikamwambia kwa adabu kwamba zile ni herufi za starehe, zimetoka kwenye taulo la kuogea, pengine tumwandikie herufi za kawaida, nyeusi, zenye heshima.

"Mtu akifa tunasemaje?" akaniuliza.

"Tunasema amefariki."

"Tunasema amepumzika. Na ile K iliyojilaza kwenye ukuta wa Mzee inafanya nini?"

"Inapumzika."

"Basi." Akashika randa, akaendelea na ubao wake.

Nikamwandikia MAJENEZA NA VITANDA, KARIBUNI, na jua likizama nyuma. Nilijitahidi kuzipunguzia furaha, nikatumia kahawia zaidi, lakini herufi zile hazikubali huzuni. Ukizipunguzia rangi zinaonekana zimechoka kwa kucheza. Nilipomaliza nikakaa chini ya mti wa parachichi ng'ambo ya njia kusubiri zikauke, na hapo hapo ikaja familia iliyofiwa na bibi yao. Walikuwa wanaume watatu na mama mmoja aliyejifunga kanga kiunoni. Walikuja kimya, wakainua macho, wakasoma. Nilitaka ardhi inimeze. Yule mama akaanza kutikisika mabega. Nikajua analia, kumbe anacheka, na akicheka analia, na wale wanaume wakamshika huku nao midomo inawacheza.

"Bibi angeipenda hii," hatimaye mmoja akasema. "Maisha yake yote hakuwahi kukaa kitako."

Wakauliza kama mwandishi wa kibao anapatikana. Fundi akanyoosha kidole ng'ambo ya njia. Ndivyo nilivyojikuta naandika jina la marehemu kwenye mfuniko wa jeneza kwa herufi za bugaluu, mistari ya njano na machungwa ndani yake, na kijua kidogo pembeni walichokiomba wenyewe. Nilikwenda mazikoni kwa sababu ilionekana ni utovu wa adabu kutokwenda. Mchungaji alilitazama lile jeneza kwa muda mrefu kuliko kawaida, akafunga kitabu chake, akahubiri juu ya pumziko. Watu walisema ni mahubiri mazuri kuliko yote aliyowahi kutoa. Fundi akapata wateja mpaka akaacha kutengeneza vitanda.

Sasa turudi Nyakahanga, maana huko ndiko mambo yalikoharibika.

Mzee aliamua kuongeza chumba cha stoo nyuma ya duka. Akaagiza lori la mchanga. Dereva, badala ya kuzunguka nyuma, akaumwaga mbele, chini kabisa ya ukuta wangu, akaondoka. Fundi wa kujenga alikuwa amesafiri. Mchanga ukakaa. Ulikuwa mchanga mzuri wa mtoni, mweupe, na mvua haikunyesha siku zile. Juu yake jua langu la machungwa, mawimbi yangu ya pande mbili, na DUKA LA PWANI.

Jumamosi moja nikiwa pale dukani nanunua uzi, likaja kundi la harusi kutoka Mabira. Walikuwa wametembea, wakapanda lori, wakatembea tena: bibi harusi na gauni lake amelikusanya mikononi, bwana harusi na suti inayombana, mashangazi, na mpiga picha aliyefunga kamera kwenye kiti cha baiskeli. Shangazi mkubwa akamsalimia Mzee kwa heshima, akauliza:

"Hapa ndipo pwani?"

Mzee akanitazama. Mimi nikautazama uzi.

"Hapa ni duka la pwani," akasema.

"Tunashukuru. Tumekuja kupigwa picha."

Bibi harusi alikwishavua viatu. Alipanda kwenye mchanga taratibu, akizamisha vidole, akafumba macho. Bwana harusi akamfuata na soksi. Shangazi akazunguka kona ya duka, akarudi.

"Na maji?" akauliza.

Kabla Mzee hajafungua mdomo, bwana harusi akajibu, "Maji yako ukutani, shangazi." Akasema kwa namna ya mtu ambaye tayari ana nyumba yake na hataki kusumbuliwa. Wakapiga picha wamesimama, wakapiga wamekaa, mwisho bibi harusi akajilaza kama ile K, mguu mmoja juu, na mashangazi wakapiga vigelegele. Mzee akawapa soda. Hakutaka malipo. Nilimwona anafuta macho kwa upindo wa kanzu.

"Si ungewaambia?" nikamuuliza walipoondoka.

"Niwaambie nini? Wametoka Mabira."

Picha zile zikatembea. Kila Jumamosi na Jumapili watu walikuja na nguo za sikukuu, wakavua viatu, wakakaa mchangani wakitazama barabara. Hakuna aliyefanya jambo lolote la ajabu. Walikaa tu, wakala senene kwa kuchota kiganjani, wakasema hewa ya pwani ni nzuri. Fundi wa kujenga aliporudi, Mzee akamwambia stoo itasubiri.

Ndipo akaja bwana afya. Alikuja kwa pikipiki, akaiegesha, akavua miwani ya vumbi, akatoa kalamu kabla hajatoa salamu. Alikuwa kijana, mwenye shati lililopigwa pasi hadi mikunjo inasimama. Mimi nilikuwa kwenye ngazi nikifanyia marekebisho mnazi, maana watu waliendelea kuniuliza utazaa lini.

"Nimepata taarifa," akamwambia Mzee, "kwamba hapa mmefungua sehemu ya kuogea ya umma."

"Hakuna sehemu ya kuogea," Mzee akasema.

"Watu wanavua viatu?"

"Wanavua."

"Kuna mchanga?"

"Upo."

"Choo kiko wapi?"

"Lakini bwana mkubwa, maji hakuna."

Bwana afya akauzunguka mchanga wote. Akapiga goti, akachimba kwa kidole, akanusa. Akasimama.

"Hii ndiyo mbaya zaidi," akasema. "Sehemu ya kuogea isiyo na maji. Watu wanaoga nini?"

Nadhani yeye mwenyewe alitegemea tungemwambia. Baada ya kufikiri sana akaamua kwamba kwa usalama wa wananchi paandikwe tangazo la kukataza kuogelea, lionekane kutoka barabarani, na atapita kulikagua.

Akaondoka. Mzee akaniambia niandike HAKUNA KUOGELEA. Nikamuuliza, herufi gani? Tangazo la serikali linataka herufi za ghala, nyeusi, zilizonyooka. Mzee akakataa kata kata. Duka ni moja na mwandiko ni mmoja, akasema. Mtu akiona mwandiko mwingine atadhani tumegombana. Nikaandika kwa herufi za pwani, ubao mzima, K zote mbili zimejilaza kwa raha zao, na kwa kuwa nafasi ilibaki nikaweka na wimbi.

Lile tangazo ndilo lililotumaliza. Mpaka siku ile kulikuwa na watu wa kutilia shaka, waliosema pale hakuna lolote ila mchanga. Sasa wakanyamaza. Nilimsikia mzee mmoja akimweleza mwenzake mbele ya ubao:

"Kama hakuna maji, wangekataza nini?"

Ikawa uvumi kwamba maji yapo, ila yamefichwa nyuma, kwenye stoo ambayo bado haijajengwa. Watu walikuja na taulo. Walikuja na watoto wenye upele kwa sababu walisikia maji ya chumvi yanatibu. Siku moja mfugaji wa Mabira aliyekuwa akiswaga ng'ombe wake kwenda mnadani, wale wenye pembe ndefu, akausoma ubao kwa sauti, akawaelekeza ng'ombe wote kwa Mzee wakanywe. Ng'ombe hawakupata maji, lakini waliupata mchanga. Jua lilikuwa kali. Wakajilaza mmoja mmoja, wakaanza kucheua, na hakuna fimbo iliyowainua. Mfugaji naye akaketi kando yao, akavua kofia, akaniambia kwa heshima, "Waitu, huku kwenu kumetulia." Mnadani hakwenda siku hiyo.

Mzee alianza kukonda. Zamani aliulizwa kuhusu bahari na wateja wa sabuni tu. Sasa aliulizwa tangu alfajiri. Wimbi kubwa lina urefu gani? Samaki wanalala? Bahari ina mwenyewe? Alijibu yote, na kila jibu lilimtoa kijasho. Jioni moja tukifunga milango ya duka akaniambia, "Binti, maneno ya baba yangu yamekwisha. Nimebaki na ya kwangu matupu." Nilimpenda sana mzee yule, na mimi ndiye niliyekuwa nimemjengea ile pwani kwa brashi.

Muda si mrefu ikaja habari kwamba shangazi yake wa mwisho, dada wa baba yake, yu mgonjwa sana huko Pangani na anataka kumwona. Mzee akafunga duka, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Watu wakamsindikiza barabarani wakimwambia awasalimie ndugu zake wa baharini. Akapanda lori hadi Bukoba, meli hadi Mwanza, kisha treni na mabasi. Alikaa huko mpaka mvua za vuli zikaanza huku kwetu na ule mchanga ukaanza kuota majani.

Aliporudi nilikwenda kumpa pole, kwa kuwa shangazi alifariki akiwa pale pale. Nikamkuta ameketi kwenye kiti mbele ya duka, ameutazama ukuta wangu.

"Shikamoo, mzee. Pole na msiba."

"Marahaba, binti. Nimepoa." Akayaonyesha mawimbi kwa kidole. "Nimeiona."

"Ikoje?"

"Kwanza nikuambie la herufi. Nilizunguka mji mzima. Maduka, hoteli, mpaka vinyozi. Hakuna hata mmoja mwenye herufi za pwani. Wote wana herufi zilizonyooka, kama zako za zamani. Nikamuuliza mwenye duka mmoja, herufi zenu za pwani ziko wapi? Akaniuliza, ndizo zipi? Nikamchorea ardhini. Akasema anaziona kwa mara ya kwanza, na je, mimi natoka nchi gani."

Tulicheka wote wawili mpaka nikaketi chini. Kisha akaacha kucheka.

"La pili," akasema, "baba yangu hakuniambia kwamba inaondoka."

"Nini inaondoka?"

"Bahari. Nilifika asubuhi, maji yamejaa mpaka ukingoni, nikalia. Nikaenda kulala kwa sababu ya safari. Nikarudi baadaye kuitazama tena. Haikuwepo. Tope tu, na mashua zimelala ubavu, na kaa wanakimbia. Nikadhani nimekosea njia. Nikamuuliza mama mmoja anayeokota kombe kwenye tope, maji yameenda wapi? Akanitazama kama mgonjwa. Akasema yatarudi. Kweli yakarudi. Kila siku yanaondoka na kurudi, binti. Kila siku! Na baba yangu, jioni zile zote, hakulisema hilo hata mara moja. Labda kwake halikuwa jambo."

Wateja wakaanza kujaa kumlaki, na kama kawaida mmoja akauliza habari za bahari. Kwa mara ya kwanza maishani Mzee alikuwa na jibu la jambo aliloliona kwa macho yake. Akasimama, akawaeleza yote kwa mikono: yanavyojaa, yanavyoondoka, mashua zinavyobaki kwenye tope.

Wakamtazama.

"Yanaondoka kwenda wapi?" akauliza mmoja.

"Sijui," Mzee akasema.

Wakatazamana. Mtu aliyewaambia chumvi ni ya samaki, wakakubali. Aliyewaambia samaki wanalala jicho moja wazi, wakakubali. Hili likawashinda. Mmoja akaguna, mwingine akasema pole kwa msiba, Mzee, uchovu ni kitu kibaya. Wakatawanyika taratibu, kama watu wanaotoka kumwona mgonjwa.

Nilidhani angeumia. Badala yake aliniita ndani, uso umemng'aa kuliko nilivyowahi kumwona, akaniambia nilete ngazi. Alitaka ukuta urekebishwe. Herufi zibaki vile vile, kwa kuwa sasa alijua ni zetu na hakuna wa kutunyang'anya. Lakini mawimbi yaliyokuwa chini yake niyafute yote, mpaka kwenye msingi, na mahali pake nipake kahawia tupu.

"Nichore mashua zilizolala?" nikauliza.

"Usichore kitu. Mimi sikuona kitu, niliona nafasi."

Nikafanya hivyo. Ilikuwa kazi ngumu kuliko yote, kupaka nusu ya ukuta rangi ya tope bila kuweka hata mstari mmoja, mkono unaniwasha. Nilipomaliza, watu walisimama tena barabarani, na wote wakakubaliana kwamba buluu imeniishia. Walinihurumia. Kesho yake asubuhi mama mmoja jirani akaja na kopo dogo la buluu, masalio ya kupakia madirisha yake, akaliweka kaunta mbele ya Mzee.

"Ni kidogo," akasema, "lakini binti amalizie bahari yako."

Mzee akalishika kopo kwa mikono yote miwili, akamshukuru sana, akamrudishia.

"Usijali, mama. Yatarudi yenyewe."

Yule mama akatoka nje, akautazama ukuta, akamtazama Mzee kupitia dirishani. Kisha akaketi kwenye benchi, kopo lake mapajani, akasubiri kidogo.